Hakuja Kwangu Kuomba Chumvi

Nianze na aibu yangu, tusije tukasumbuana mbele ya safari: yule mama nilimwonea wivu. Sisemi wivu wa mchezo, wa kutaniana kwenye foleni ya sukari. Nasema wivu wenyewe, ule wa kuamka nao na kulala nao. Wenzangu wakikaa kumkumbuka hutokwa na machozi. Na mimi hunitoka, lakini yangu yana ndimu. Kwa hiyo anayetaka kusikia sifa tupu akawaulize wao. Wamejaa pale Kilosa, kuanzia stesheni mpaka ng'ambo ya Mkondoa, na kila mmoja atakwambia kwamba yeye ndiye aliyependwa zaidi.

Jina lake silitaji. Alikuwa na watoto wanne wa kuzaa mwenyewe, lakini hakuna aliyemwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama tulivyoitwa sisi wengine. Mimi nilikuwa Mama Rehema. Yeye alikuwa Mama, basi, imetosha. Watu wa mitaa ya mbali ndio waliomwongezea kidogo wakamwita Mama wa Mizani. Siku moja Rehema wangu alianguka akachubuka goti mbele ya mlango wetu. Nikainama, nikatanua mikono. Mtoto akanipita huku analia, "Mama! Mama!" akaenda kujitupa kwenye kanga ya yule. Nilibaki nimeinama pale kama ninayetafuta sindano.

Miaka ile mambo yalikuwa yanageuka. Duka la ushirika lilikuwa limebaki na rafu tupu na harufu ya mafuta ya taa, kisha ghafla ikatoka ruhusa kila mtu auze anachoweza. Mitumba ikaanza kushushwa kwenye treni kwa marobota. Sabuni za kunukia zikarudi. Wakati huohuo mashamba ya mkonge yakawa yanafungwa moja baada ya jingine, wanaume wakarudi nyumbani na panga zao, na zahanati nayo ikaanza kudai mchango. Madukani vitu vilijaa, na watoto mtaani wakawa wanakonda. Hapo ndipo Bibi Maendeleo, yule ofisa wa wilaya, alipokuja na mizani ya kuning'iniza, akataka mtaa uchague wanawake wawili wa kujitolea kupima watoto kila mwezi. Yeye alichaguliwa kwa sababu watu walimtaka. Mimi nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa nimemaliza darasa la saba na mwandiko wangu ulisomeka.

Mizani tuliifunga kwenye boriti ya kibaraza cha ofisi ya mtaa. Mtoto anavishwa kaptura ya turubai yenye mikanda, ananing'inizwa, anapiga kelele, mshale unacheza halafu unatulia. Mimi niko kwenye benchi na daftari na kadi. Kadi zile zilikuwa na rangi tatu: kijani mtoto ana afya, kijivu anateleza, nyekundu yuko hatarini. Sasa kwetu kutangaza uzito wa mtoto mbele za watu ni kumwitia jicho baya, na wengi walitaka kukataa kwa sababu hiyo tu. Yeye akabuni namna yake. Aliusoma mshale, akaniinamia sikioni, akanong'ona namba, kisha akainuka na kusema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Mzuri huyu!" Kila mtoto alikuwa mzuri. Mwenye mashavu, mzuri. Mwenye mbavu za kuhesabika, mzuri. Nani ni nani tulijua wawili tu, yeye na mimi.

Mama mmoja wa Kimasai aliwahi kufika na mwanawe, akaitazama ile mizani, akasema mtoto wake si nyama ya buchani. Nilidhani ataondoka. Yeye akamuuliza, wewe ukimnyanyua mwanambuzi wako, hujui kama amenenepa? Akajibu anajua. "Basi mimi sina mikono kama yako," akamwambia, "ndiyo maana natumia hiki chuma." Yule mama akacheka, akamkabidhi mtoto. Mimi ningetafuta maneno hayo mwaka mzima nisiyapate, na hilo lilinikera siku nzima.

Nisije nikaonekana kama namsifu. Alikuwa na kasoro zake, na mimi nilizitunza kama mtu anavyotunza mbegu. Hakujua kupika: ugali wake ulikuwa na mabuja, na maharage aliyaunguza kila siku aliyoijaalia Mungu. Alivuta ugoro kwa siri nyuma ya choo, halafu anatokea anapiga chafya na kulaumu vumbi la reli. Kanisani alikuwa kwenye kwaya, na sauti yake ilikuwa kama mlango unaodai mafuta. Na alikuwa mwongo! Mwongo wa daraja la juu, wa kukutazama usoni. Uongo wake mkubwa kuliko wote ulikuwa wa chumvi.

Alikuwa na kikombe cha bati cha bluu, kimebanduka rangi mdomoni. Ungemwona jioni jua likianza kupoa anatoka nacho, anapita uchochoroni, anapiga hodi mahali. "Jirani, nimeishiwa chumvi, nisaidie kidogo." Nani atamnyima mtu chumvi? Anakaribishwa jikoni, anakaa kwenye kigoda, anazungumza, anaondoka na chumvi yake. Kesho yake anarudi na kikombe kulipa ile chumvi, na kwetu chombo hakirudi kitupu. Kinarudi na karanga. Kinarudi na dagaa, au maharage, au mafuta ya mawese, na karatasi imefungwa juu yake. Keshokutwa anaishiwa tena. Nyumbani kwake chumvi ilijaa debe, ikaganda kwa unyevu, watoto wake wakawa wanaivunja kwa mchi. Mwanawe mkubwa aliniuliza siku moja, kwa uso wa mtu mzima, kwa nini mama yao anaomba vitu wanavyonavyo na kugawa vitu wasivyonavyo. Na mimi nilikuwa na swali langu mwenyewe.

Swali langu ni hili: kwa nini haji kwangu?

Nilikaa kibarazani nikichambua mchele, nikikifuatilia kile kikombe cha bluu kwa macho. Kimeingia kwa mke wa fundi baiskeli. Kimeingia kwa yule mjane wa Kividunda. Kimeingia hata kwa wale Wasukuma waliohamia juzi, ambao walikuwa bado hawajapaua nyumba. Kwangu kinapita. Mimi niliyekaa naye benchi moja kila mwezi, niliyeandika mpaka kidole cha kati kikaota sugu, kwangu ng'o! Nikanunua chumvi ile nyeupe ya pakiti, nikaiweka dirishani ionekane. Wakati mwingine alipita akanisalimu, "Umeshindaje, mwandishi?" na kikombe kikaenda zake kwa wengine.

Halafu wakaja wageni kutoka wilayani kuona kazi. Wakahutubia. Yeye akapewa doti ya kanga na baiskeli, akapigiwa vigelegele. Mimi nikapewa kalamu. Kalamu! Niliisugua kwenye kiganja mpaka nyumbani. Nikafungua daftari kuijaribu, nikiwa na hasira hivyohivyo, nikawa nayaangalia majina ya miezi yote iliyopita. Ndipo nikaona. Mke wa fundi baiskeli, nyekundu. Mjane, nyekundu. Wasukuma, nyekundu kwa watoto wawili. Kila mlango alioingia na kikombe, jina lake lilikuwa limepita kwenye wino wangu siku mbili tatu kabla. Alikuwa anaomba ili aingie jikoni kuona kinachopikwa, halafu apeleke chakula bila kumdhalilisha mtu. Anayekuomba chumvi hawezi kuwa amekuja kukuhurumia.

Mtu mwenye moyo safi angelia hapo. Mimi niliona kuwa amenificha. Tumekaa benchi moja, siri moja, na hilo hakuniambia.

Wiki iliyofuata nilikuwa bombani. Mke wa fundi baiskeli alikuwa anawasimulia wenzake, amejaa furaha, jinsi Mama alivyokuja jana yake wakazungumza mpaka mboga ikakauka. Akasema, "Mama na mimi tumeshibana. Kila akipungukiwa, kwangu."

Nikamwambia, "Usijisifu. Anakuja kwako kwa sababu mtoto wako yuko kwenye nyekundu. Mimi ndiye ninayeandika."

Ndoo yake ilikuwa haijajaa hata nusu, akaibeba hivyohivyo akaondoka. Wengine wakaanza kukumbuka, kila mmoja kimyakimya, ni lini kikombe kiliingia kwake. Niliyaona yakiwapita usoni. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi niliyamwaga palepale penye bomba.

Mwezi huo kibaraza cha ofisi kilikuwa kitupu. Walikuja wachache, wale wenye watoto wa kijani, ambao hawakuwa na cha kuficha. Yeye alipiga hodi kwa mke wa fundi baiskeli mara tatu, akajibiwa kutoka ndani kwamba chumvi hakuna. Mtoto yule hakufa, nasema mapema. Lakini alivimba miguu, nywele zikawa nyekundu na laini kama za mahindi machanga, akabebwa hospitali ya wilaya akakaa huko wiki nyingi. Mimi nilisikia habari hizo nikiwa nakaanga vitumbua, na vyote vikaungua.

Nilingoja anitukane. Nilijiandaa, nikapanga hata majibu. Hakunitukana. Alichofanya ni kuchukua kikombe chake na kuanza kuomba chumvi kwa watu wote. Aliomba kwa mwenyekiti wa mtaa. Aliomba kwa mke wa shehe na mke wa mchungaji. Aliomba kwa mwenye duka la chumvi! Alikwenda mpaka kwa daktari mwenye friji, akaketi jikoni kwake na ule uongo wake, nimeishiwa jirani. Kwa mwezi mmoja na nusu hakukuwa na mlango pale mtaani ambao kikombe hakikuingia, na kila kilipotoka kesho yake kilirudi na kitu ndani, hata kwa matajiri. Shambani kwake ng'ambo ya mto hakukubaki karanga. Watu wakaanza kusema, kumbe Mama huomba kwa kila mtu, yule Mama Rehema ana maneno tu. Kibaraza kikajaa tena. Mke wa fundi baiskeli akarudi, mtoto mgongoni, akaniangalia kama anavyoangaliwa nyoka aliyekwisha kufa.

Kila mlango, nimesema. Isipokuwa wangu.

Siku ya mizani akaniinamia sikioni kama kawaida, akaninong'oneza namba, pumzi yake ina harufu ya ugoro. Nikaandika. Ningefurahi kama angenizaba kofi.

Mkonge ulipokwisha kabisa mume wangu hakuwa na kazi, tukahamia Mikumi kutafuta riziki barabarani. Nilifungua mgahawa wa mabati. Malori ya Zambia yakasimama, mabasi ya Iringa yakasimama, madereva wa miwa kutoka Kidodi wakaja kula wali nyama, na nyani wakaja kuiba ndizi. Niliinuka. Nilijenga. Na kila aliyetoka Kilosa nilimwekea sahani, nikamuuliza habari za nyumbani, nikizunguka zunguka mpaka nifike kwake. Nilikuwa natamani kusikia amesahauliwa. Niseme ukweli, nilitamani.

Miaka ikaenda, na habari zikaanza kuja kama nilivyozitaka, nikaona hazina ladha. Mradi ulikwisha, mizani ikachukuliwa. Mume wake alifariki. Watoto wake walitawanyika, mmoja Dar es Salaam, wengine kwenye miwa, kila mmoja na shida zake. Baiskeli aliiuza. Shamba lililiwa na mafuriko ya Mkondoa. Nikauliza, na wale watoto wote aliowalea, hawamsaidii? Mgeni wangu, ambaye alikuwa mke wa fundi mwenyewe aliyekuja Mikumi kwa msiba, akaweka kijiko chini. Yeye na mimi tulikuwa tumeshasameheana, au tumechoka.

"Hapokei," akasema. "Ukimpelekea unga anakufungia kuku. Ukimpelekea kuku anakuvulia kanga aliyovaa. Sasa hana kuku wala kanga, watu wanaogopa kwenda. Anakonda, Mama Rehema. Ungekuwa na daftari lako ungeona."

Sikulala vizuri. Nilijua dawa yake. Mtaa mzima nilikuwa nimeutangazia dawa hiyo bombani.

Asubuhi nilipanda gari la Kilosa na kiroba cha unga, dagaa, mafuta, maharage na karanga. Nilipofika, mzigo nikauacha kwa mke wa fundi. Nikatoa kwenye pochi kikombe kimoja cha mgahawani, nikapita uchochoroni jioni jua likianza kupoa.

Nikapiga hodi, nikasema shikamoo. Marahaba ilikawia kutoka. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, na shingo yake ilikuwa imebaki mishipa. Akanitambua kwa sauti.

"Mwandishi. Karibu. Umetoka Mikumi?"

"Nimetoka Mikumi, Mama. Nimeishiwa chumvi. Nisaidie kidogo."

Akakitazama kile kikombe. Akanitazama mimi, hereni zangu, viatu vyangu vya kisigino. Nilidhani atanifukuza. Aliinuka kwa kushika ukuta, akaenda kwenye lile debe la zamani, akainamia ndani. Nikasikia kijiko kinakwangua bati. Alikwangua muda mrefu. Alirudi na vijiko viwili hivi vya chumvi yenye kutu, akavimimina vyote kwenye kikombe changu, akapangusa kijiko kwa kidole mpaka punje ya mwisho. Hata hapo alikuwa amenishinda, na nikaona wivu wangu upo palepale, haujakonda kama yeye.

Nikaketi kwenye kigoda. Nikamuuliza lile swali, kwa sababu nisingepata siku nyingine. Kwa nini hakuwahi kuja kwangu?

Alifikiri. "Watoto wako walikuwa kijani."

"Ungekuja tu. Bila nyekundu."

"Kufanya nini?"

"Kuniona."

Nilimwona anageuza hilo neno kichwani, kwa taabu, kama mtu anayepewa chombo asichojua kinashikwa wapi. Akasema hakuwahi kujua kwenda kwa mtu bila sababu. Kila nyumba aliyoingia aliingia kwa ajili ya kitu. Wakati mwingine, akasema, alipita mbele ya kibaraza changu akaniona nachambua mchele, akatamani kukaa, akakosa la kusema. Na ile chumvi yangu ilikuwa dirishani muda wote.

Miaka yote ile niliihesabu milango aliyoingia, sikuwahi kumpigia hodi hata mara moja.

Akakiinua kikombe kutoka mkekani, akakipima uzito kwa mkono, taratibu. Akatabasamu upande mmoja wa mdomo, tabasamu la mwongo aliyekutana na mwongo mwenzake.

"Basi umeshanipima," akasema. "Umeandika nini?"

Nikamwinamia sikioni kama nataka kumnong'oneza namba. Nikainuka, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Mzuri huyu!"

Akacheka hadi akakohoa, na mimi nikacheka, tukawa tunajicheka sisi wenyewe sote wawili. Tulikaa mpaka giza likaanza kuingia, hatuna sababu.

Kesho yake nilikwenda kwa mke wa fundi, nikafungua kiroba, nikajaza kikombe dagaa, nikafunga karatasi juu yake. Nikakirudisha. Nilisimama mlangoni nikiangalia mikono yake, maana kuona kama atapokea ndiko kulikonileta Kilosa. Alizungusha macho chumbani, akitafuta cha kunifungia. Hakukuwa na kitu. Akakipokea kwa mikono miwili.